Ubao wa Soko la Mitondoo

Mapazia mawili yalikuwa tayari na la tatu lilikuwa chini ya sindano wakati mtendaji wa mtaa, Bwana Abdulhalim, alipopanda kwenye kibaraza cha Mwantum bila hodi.

“Saa sita mgeni kutoka wilayani yuko hapa,” alisema. “Mapazia ya zahanati niyaone saa tano. Na ule ubao wako ufutwe sasa hivi.”

Mwantum aliendelea kukanyaga cherehani. Ubao ulikuwa ng'ambo ya njia, umepigiliwa kwenye ukuta wa soko la Mitondoo, mji mdogo wa barabarani ulio chini ya mwendo wa nusu saa kutoka Ikwiriri. Kwa miaka mitatu yeye na Dulla, fundi baiskeli, walikuwa wakiutoa kama gazeti. Kila asubuhi Mwantum aliandika kwa chaki bei ya mchele na ufuta, misiba, harusi, na Ijumaa beti mbili tatu za shairi lake. Dulla alichora, ili wasiojua kusoma nao wapate chao. Watu walisimama na mizigo kichwani, wakasomeana, wakabishana, wakacheka.

Leo hakuna aliyecheka. Ubao ulisema: *Chumba cha wazazi cha zahanati yetu kimekwisha kujengwa tangu mwaka jana. Hakijafunguliwa. Tangu Mfungo Mosi wanawake wanne wamejifungulia njiani wakipelekwa hospitali. Mtoto wa Mwanawetu hakuishi.* Chini yake Dulla alikuwa amechora mlango, na kufuli kubwa kuliko mlango wenyewe.

“Kuna neno la uongo pale?” Mwantum aliuliza.

“Sikuja kusahihisha insha. Taarifa iliyokwenda juu inasema chumba kinafanya kazi tangu Januari. Mgeni akisoma yale, atajibu nani? Wewe?” Aligonga nguzo ya kibaraza kwa ufunguo wa pikipiki. “Hapa ni eneo la mtaa, Bi Mwantum. Kibali chako nasaini mimi. Kesho nisiposaini, utashonea wapi?”

Alipoondoka, Dulla alisogea akifuta grisi mikononi. “Usifute, da Mwantum. Wafute wenyewe tuwaone.”

“Wewe spana zako utazibeba popote. Mimi nikiondolewa hapa, wanangu wanakula nini?”

Alivuka njia, akachovya kitambaa ndooni, akaanza kufuta. Jina la Mwanawetu alilifuta mwisho. Mwanawetu mwenyewe alikuwa hatua chache tu pembeni, akiuza bamia. Aliutazama ule mkono ukipita juu ya jina lake, kisha akainama kupanga bamia zake.

Saa tano Mwantum alipeleka mapazia zahanati. Kufuli lilikuwa limetolewa. Ndani mlikuwa na vitanda viwili vya mbao vilivyoletwa na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, asubuhi ile kutoka gesti moja ya barabarani. Kimoja bado kilikuwa na namba 7 ya rangi nyekundu kwenye ubao wa kichwani. Nesi Yasmini, muuguzi pekee wa zahanati, alikuwa akiifunika namba kwa shuka.

“Vinabaki?” Mwantum aliuliza kwa sauti ya chini.

“Kirikuu kinarudi saa tisa.”

“Na wewe unanyamaza?”

“Na wewe si umefuta?”

Mgeni alifika saa saba na nusu, akakaa dakika kumi. Alishika pazia, akalisifu. Kisha akasimama mlangoni na kipaza sauti: “Akina mama, chumba hiki ni chenu. Msijifungulie njiani. Njooni!” Bwana Abdulhalim akaanza makofi kabla ya wengine. Magari yakaondoka.

Mwantum hakumngoja mtu. Alirudi sokoni kwa haraka, akashika chaki. *Chumba cha wazazi kimefunguliwa leo. Kina vitanda viwili. Mgeni amesema njooni. Bwana Mtendaji amepiga makofi.* Dulla akachora mlango wazi na mwanamke mjamzito anaingia.

Bwana Abdulhalim alishuka kwenye pikipiki, akakinyakua kile kitambaa ndooni. Watu walikuwa wamekwisha kujaa.

“Nani kakutuma?”

“Hayo ni maneno ya mgeni, Bwana Mtendaji. Niyafute mbele ya watu hawa?”

Maji yalimchuruzikia kwenye kiatu. Akakitupa kitambaa.

Saa nane na nusu bodaboda ilisimama zahanati. Hafsa, mke wa mkulima wa ufuta, alikuwa katikati, mama yake nyuma amemshikilia.

“Tulikuwa tunakwenda hospitali,” mama alisema. “Pale sokoni tumesomewa kwamba hapa kumefunguliwa.”

Mwantum alikuwa amefika mbio baada ya kuiona bodaboda ikikata kona. Nesi Yasmini alimtazama. “Umeona ulichofanya? Bomba halina maji. Glovu nina jozi tatu.” Alimpima Hafsa, akanyoosha mgongo. “Hafiki tena popote. Mlazeni.”

Mwantum alikuwa ameandika kwa hasira, na sasa hasira yake ilikuwa na mtu kitandani. Alikimbilia kisimani. Alipogeuka na ndoo, Mwanawetu alikuwa nyuma yake na ndoo mbili.

Kirikuu kikaja. Vijana wawili walitoa kitanda cha kwanza, wakarudi kuchukua cha pili. Nesi alisimama mlangoni.

“Kina mtu.”

“Tumeambiwa viwili, nesi.”

“Basi kibebeni na mzazi wake.”

Hafsa alipiga ukelele. Vijana wakatazamana, wakapiga simu, haikupokelewa, wakaondoka.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha mtoto wa kike alipolia.

Mwantum alirudi sokoni, nguo zimelowa hadi magotini. Ng'ambo ya njia Bwana Abdulhalim alikuwa kwenye kibaraza cha Mwantum na mtu mwingine aliyeshika futi kamba, wanapima kutoka nguzo hadi nguzo. Mwantum aliwatazama mpaka wakamaliza upande mmoja. Kisha akaugeukia ubao, akafuta “vitanda viwili” kwa kiganja, akaandika “kitanda kimoja.”

Mwanawetu alikuwa amerudi kwenye bamia zake. “Andika na maji hakuna,” alisema.

Mwantum akaandika.