Nguzo Iliyojiotea

Tejo, mchora ramani wa mji wa Magelang, alikuwa mvivu mwenye akili: kazi inayoweza kufanywa na kompyuta, yeye haigusi. Ramani bapa ya kiwanja cha dada yake Lastri, pamoja na nyumba atakayojenga, aliiingiza kwenye programu, akabonyeza mara moja, na kila umbo likainuka. Usipoipangia vingine, programu ile huinua kila kitu kwenda juu, kimo kimoja, na kukionyesha kijivu, kizito, kisichopenyeka kwa jicho. Duara dogo katikati ya sebule likawa nguzo.

"Hii umeitoa wapi?" Lastri aliuliza.

"Imejiotea. Nikuondolee?"

"Iguse uone. Nimepata nguzo kama ya bwana mkubwa, wewe unanionea wivu."

Tejo akacheka, akaiacha. Masika, fundi Gino alipochimba pale alikutana na zege la zamani. Akalisifu, eti msingi wa bure, akakata kibomba kilichochomoza pembeni, akasimamisha nguzo juu yake.

Siku ya kupandisha boriti ya paa, kwa desturi ya huko, ndizi za baraka zilishaning'inizwa, bendera ipo, wali wa manjano mkekani na nazi kando yake. Bi Sumi, jirani, aliingia akiikagua sakafu kama aliyedondosha hereni.

"Tejo, pumzi mmeiweka wapi?"

"Ya nani, bibi? Mimi ninayo yangu."

"Ya kisima, mjukuu wangu. Mwenye kiwanja wa zamani alipokifunika alikiachia bomba. Kisima hakizibwi pua."

Utani ukamkauka Tejo mdomoni. Akatoka kwenda uani, akafungua kompyuta juu ya mifuko ya saruji, akabadili mwonekano, kuta zikawa kama kioo. Akaligeuza lile duara, kumbe alama ya kisima, lielekee chini. Likashuka, likapita msingi, likaendelea kushuka. Juu ya mdomo wake nguzo, juu ya nguzo boriti, juu ya boriti Gino akigonga misumari.

Akampungia mkono ashuke. Gino akadhani anasalimiwa, naye akapunga.

Ndani, kwa kila pigo la nyundo, nazi ilijongea. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa ikibingirika kuelekea nguzo, kama sakafu imeinama, na Lastri alikuwa ameiegemea nguzo hiyo hiyo, mtoto wake ubavuni, akimenya ndizi.

"Dada," Tejo alisema kwa upole. "Njoo nje. Usikimbie."

"Umeotesha nyingine?"

"Njoo tu."

"Semea hapo hapo, nakusikia."

Tejo akaingia kumfuata, akinyata kama anayekanyaga mayai. Juu, Gino aliinua nyundo. Chini ya nyayo zao, kitu kilichozibwa pua tangu masika kikavuta hewa.