Tarumbeta la Ukumbi wa Fakihi

Magunia ya korosho yalikuwa yamepangwa mpaka juu ya jukwaa, pale alipozoea kusimama kupuliza. Sipriani aliyatazama kutoka mlangoni, akavua kofia kama anayeingia kanisani, kisha akaiendea meza ya Nassibu, katibu wa tawi la chama. Zamani kijana huyo alikuwa akimwamkia shikamoo. Leo alingoja aamkiwe.

"Habari za kazi, ndugu katibu. Nimefuata tarumbeta langu."

"Lako? Vyombo vilivyokutwa ukumbini ni mali ya umma."

Ilikuwa desturi ya bendi: chombo hulala ukumbini, hakiendi nyumbani kwa mtu. Ni marehemu Fakihi aliyeiweka, alipojenga ukumbi huu wa mtaa wa Mtanda miaka miwili kabla ya Uhuru. Ndiye pia aliyewapigia santuri za jazi za Wamarekani weusi, alizopewa na baharia, hadi Sipriani akajifunza kupuliza kwa kusikiliza tu. Tawi lilipoutwaa ukumbi na kuufunga kufuli, tarumbeta lake, alilolinunua kwa kukata mkonge misimu miwili, lilibaki ndani.

"Lina alama," alisema. "Karibu na mdomo nilichora msalaba kwa msumari."

"Msalaba si jina, mzee. Wakristo wote wana misalaba."

"Wakati ule sikujua kuandika. Sasa nasoma kisomo cha jioni kwa mwalimu Helena. Nipe karatasi uone."

Nassibu akatabasamu. Akamsogezea karatasi iliyokunjwa sehemu ya juu. Sipriani akafanya ishara ya msalaba, akaandika polepole, jasho likimtoka: Sipriani Valentini. Herufi zote zilisimama wima.

"Hongera. Kisomo kimekukubali." Katibu akaikunjua karatasi, akaigonga muhuri. "Hii ni orodha ya wanaohamia kijiji kipya, mbele ya Mingoyo. Wapiga muziki hamna kazi mjini. Lori ni Jumatatu."

"Na tarumbeta?"

"Litatangulia."

Kijijini lilitundikwa kwenye mkorosho mbele ya ofisi. Kila alfajiri mgambo alilipuliza kuwaita watu shambani, sauti moja nzito, kama ng'ombe aliyekwama topeni.

"Shemeji, unaitwa," alisema Yustina, aliyekuwa mwimbaji wa bendi kule ukumbini, huku akifunga kanga kiunoni. Hakucheka.

Sipriani akabeba jembe, akaingia mstarini. Mgambo akalitia tarumbeta kwapani, akafungua karatasi yenye muhuri, akasoma jina lililoandikwa kwa mwandiko ambao Sipriani aliujua.

"Nipo," akajibu.