Sehemu ya Sita

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, ndipo Placidia alipofutwa. Kufa alikuwa ameshakufa tangu Februari, na hilo ni la Mungu. Kufutwa lilikuwa la ofisi.

Mumewe, Rwegoshora, alifika ofisi ya chama cha kahawa, Isingiro, na cheti cha kifo mfukoni. Alitaka namba ya uanachama ya marehemu ihamie kwake. Mibuni yote ya kibanjani, shamba la nyumbani, ilipandwa na Placidia kwa mikono yake, na bila namba ile mizani ya chama haipokei hata debe moja. Karani, Joyness, akafungua mwongozo kwenye kompyuta. Ulisema: mwanachama akifariki, fuata sehemu ya 6. Akaenda ya sita, akafuata hatua moja moja, akabonyeza. Jina likapotea, na namba nayo.

Wiki iliyofuata Joyness akamwita.

"Shikamoo mzee. Nimeona kosa lilipo. Wakubwa waliongeza sehemu mpya mwanzoni mwa mwongozo, zote zikasogea. Kumhamishia mrithi sasa ni ya saba. Ya sita imekuwa kufunga uanachama. Ila yale maneno ya 'fuata ya 6' hakuna aliyeyagusa."

"Marahaba. Kwa hiyo walihamisha nyumba, kibao cha njia wakakiacha?"

"Ndivyo. Kumbe kila sehemu inaweza kupewa jina lake la ndani, msomaji halioni. Ukielekeza kwa jina, sehemu ikisogea kompyuta inaitafuta yenyewe. Wao waliandika namba kwa mkono."

Rwegoshora akacheka bila furaha. "Sisi Wanyambo hatukusoma, lakini mtoto akizaliwa anapewa jina lake mwenyewe, hata la baba hachukui. Hatumwiti Wa Sita. Wa kwanza akifa, utawageuza wote? Na hao wana mishahara!"

Joyness alikuwa ameshazipa sehemu zote majina na kurekebisha maelekezo. Lakini aliyefutwa hakurudi. Meneja, Deodatus, akatoka chumbani kwake na kikombe cha chai.

"Mzee wangu, mfumo ukishafuta umefuta. Jiandikishe upya, msimu ujao utapokelewa."

"Na kahawa iliyoiva sasa hivi niipeleke wapi, meneja? Niinywe?"

"Punguza hasira, mzee. Ni bahati mbaya tu."

"Bahati mbaya haina kalamu. Mwongozo huu kaandika mtu." Rwegoshora akamgeukia karani. "Mama, hiyo sehemu mpya iliongezwa lini?"

Joyness akaangalia. "Novemba, mwaka jana."

Rwegoshora akahesabu kwa vidole: Novemba, Desemba, Januari, hadi Mei. Misiba ya jirani, ya Rugu aliikumbuka, na ya Songambele. Akavua kofia, akaiweka juu ya meza ya meneja.

"Basi niambie, Deodatus. Kabla ya mke wangu, mmewafuta wangapi?"