Pete Iliyopauka

Jumanne, tarehe 12 Novemba 1985. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka Bugarama, na moshi wa majiko ukakataa kupanda, ukatambaa chini ya mapaa.

Theopista alipoinuka kutoka kwenye sala alitazama msumari juu ya jiko. Pete yake ya ndoa ilining'inia pale kwa uzi tangu mimba ilipomvimbisha vidole. Aliitundika ikiwa ya njano. Sasa imekuwa nyeupe kama bati.

Mumewe Leodgar, mchimbaji mdogo wa dhahabu, akamlaani sonara aliyeifua. Jioni Theopista akaifunga pete kwenye pindo la kitenge, akaenda nayo kwenye darasa la watu wazima, alikoanza kusoma akiwa tayari ana mvi mbili tatu.

Mwalimu Salehe aliigeuzageuza, kisha akaielekea chati ya elementi ukutani. Dhahabu, namba sabini na tisa; zebaki, themanini.

"Majirani wa ukuta mmoja," alisema. "Tena wanapendana."

Akawaeleza kwamba mchimbaji hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huunguza donge la viwili hivyo ili zebaki itoke. Hutoka kweli, lakini haipotei. Hupanda na moshi, ikatua popote. Pete imeifichua kwa sababu dhahabu huikumbatia. Mwalimu akashusha sauti: moshi ule ni sumu, na mtoto aliye tumboni hana pa kuukimbia.

Zuwena, jirani yake Theopista, akamgusa bega. "Kumbe Baba Kijacho anapika sumu, wewe unapika ugali, jiko ni hilo hilo."

Darasa likacheka. Theopista alikuwa ameweka mkono tumboni. Miaka tisa alimwomba Mungu mtoto huyu.

Leodgar aliposimuliwa hakukubali. Wachimbaji wote huunguzia ndani, mlango umefungwa, maana donge likionekana uani, macho ya watu huja na wezi nyuma yake. Isitoshe, alisema, moshi wa jikoni hauvuki hadi chumbani. Theopista akamwomba wapime.

Leodgar akachagua mwenyewe chembe mbili za dhahabu safi, za njano sawasawa. Moja wakaiacha kwa Zuwena. Nyingine Theopista akaiweka chumbani, juu ya nguo alizomshonea mtoto, kisha naye akaenda kwa Zuwena kusali rozari wakati mumewe akiunguza donge lake.

Kesho yake Leodgar alilinganisha chembe hizo mlangoni, kwenye mwanga. Ya kwa Zuwena iling'aa. Ile ya juu ya vinguo ilikuwa imepauka. Aliishika muda mrefu, akaisugua kwa kidole gumba, rangi haikurudi. Kisha akakusanya vinguo vyote, akavikung'uta uani kimoja kimoja.

Jioni alimsindikiza mkewe darasani. Hakuwa amewahi kufika pale. Alivua kofia, akawaamkia, akasimama chini ya ile chati.

"Mwalimu, na ninyi jirani zangu, mnisikie," alisema. "Kuanzia leo donge langu nitaliunguza kule machimboni, mbali na nyumba za watu. Macho na yaje. Zebaki haitaingia tena nyumbani kwa mwanangu. Mungu ananisikia, nanyi ni mashahidi."