Saa Iliyosema Kiswahili

Nikutegee hiki. Mkono mfupi uko kwenye nane, mkono mrefu uko kwenye kumi na mbili. Ni saa ngapi?

Usijibu haraka. Vuta kiti kwanza, ukae vizuri. Kuna mama hapa Kindu alijibu haraka, na jibu lake limemkaa kifuani zaidi ya miaka ishirini.

Mama huyo ni Françoise. Kwa masista alisoma mpaka darasa la tatu, kisha akatolewa akalee wadogo zake. Kuhesabu alijua, barua alisoma polepole kwa kidole, lakini saa ya ukutani ilimshinda. Mkono uko kwenye mbili, watu wanasema saa nane. Mkono uko kwenye saba, watu wanasema saa moja.

"Kama pameandikwa mbili, kwa nini wasiseme mbili?" alimuuliza mumewe mwaka wa kwanza wa ndoa.

Mumewe, Isidore, alikuwa fundi wa reli, na alipenda saa jinsi wanaume wengine wanavyopenda pombe. Ukuta wa sebule yake ulijaa. Kulikuwa na moja ya mbao nyeusi yenye nguzo mbili kama mlango wa kanisa. Kulikuwa na ndogo ya shaba ndani ya mfuko wa ngozi, padri mmoja alimwachia. Ya kuamshia watu ilikuwa na kengele mbili kichwani, rangi yake ya buluu kama mdiria. Nyingine ilikuwa na ndege. Panya walikula mapafu yake ya karatasi yaliyompa sauti, basi kila saa ndege alitoka, akafungua mdomo, akarudi ndani bila kusema neno.

Jumapili baada ya misa Isidore alizishusha moja moja na kuzifuta. Alimwita mkewe aone nyuma ya ile ya padri, ambapo fundi wa Ulaya alichonga maua madogo kwenye chuma.

"Hapa hakuna mtu angefika kuangalia," alisema. "Alijua hivyo. Akachonga tu."

Kwa swali la mkewe hakucheka. Alitafuta saa ya kituo cha reli, ya duara, uso mweupe unaong'aa kama sahani mpya, mikono ya chuma kilichochomwa mpaka kikawa buluu ya kunguru. Akachomoa mkono mfupi, akaugeuza kichwa chini, akaurudisha. Kwenye mkia wa mkono ule akaunganisha kimwezi kidogo cha shaba, ili ijulikane kwamba haikuharibika, imetengenezwa.

"Hii njo yako," alimwambia. "Zile zinasema Kifaransa. Hii inasema Kiswahili."

Na kweli. Jua likichomoza, mkono ulionyesha kumi na mbili. Saa mbili ya asubuhi ulikaa kwenye mbili. Françoise aliisoma bila kuuliza mtu, na mtoto wao Exaucé akajifunza kuhesabu hapo, mabegani mwa baba yake.

Sasa, jirani yao alikuwa Kyakimwa, mwanamke wa Butembo mwenye duka la chumvi na betri. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja aliingia kuomba moto, akasimama mbele ya saa ile, akaangalia ya mkononi mwake, akaangalia ukuta tena.

"Dada, saa yenu imelewa?"

"Hiyo ni yangu. Bwana alinitengenezea, iseme vile tunasema."

"Ah. Kumbe njo saa ya wale hawakumaliza masomo." Akacheka, akampiga Françoise begani, na jioni akamletea chumvi.

Chumvi ililiwa ikaisha. Neno halikuisha. Françoise akaanza kwa siri kujifunza saa za Kifaransa kwenye ile ya buluu ya kengele mbili, jikoni, huku sombe, majani ya muhogo, inachemka. Mkono kwenye saba, saa moja. Mkono kwenye nane, saa mbili. Alitaka siku moja amshangaze Isidore.

Kisha ukaja mwaka ule mji ulipozungukwa. Treni haikuja tena. Njia ya Kailo ilifungwa, shambani hakukwendeka, na waliokwenda walirudishwa kwenye machela au hawakurudishwa. Ndani ya mji walikaa wanajeshi waliouteka, nje porini wakakaa wengine, na sisi katikati.

Mkubwa wa wanajeshi naye alikuwa na ugonjwa wa Isidore. Alipenda saa. Watu wake walizunguka nyumba kwa nyumba na mkokoteni. Kwa Isidore walitoa ya nguzo, ya padri, ya ndege, ya buluu na nyingine yenye timazi, zote tano, na mkubwa mwenyewe akasimama mlangoni akiziangalia zinavyopakiwa, akisema "pole pole, pole pole," kama mtu anayehamisha wagonjwa. Mbele ya saa ya Françoise alikunja uso. Akaangalia saa ya mkononi.

"Hii imekufa," alisema. "Muiache."

Wakachukua na fundi. Isidore alifungiwa depo ya reli kutengeneza saa za mji mzima, asitoke.

Saa zilipokwisha wakaanza kuchukua vijana wa kubeba risasi. Waliokwenda hawakurudi hata mmoja. Exaucé alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu kama baba yake, na kwa majuma matatu alilala juu ya dari pamoja na popo.

Huko depo alifika mtu mmoja bila kuzuiwa: Asumani, mvuvi, aliyewauzia wanajeshi samaki. Isidore akapanga naye. Kila siku walinzi wa mto wanakwenda kula saa nane. Saa nane hiyo Asumani angepita na mtumbwi kwenye mianzi, chini ya ghala la zamani la mchele, amchukue kijana, ampeleke Lokandu kwa shangazi yake, kimbilio lao la siku zote. Ni kitambo kidogo sana. Kabla yake kuna walinzi, baada yake kuna walinzi.

Ikabaki kumwambia Françoise. Neno la kuandikwa lingesomwa mlangoni, la mdomo lingeweza kuuzwa, na Asumani asingeonekana kwao bila kuulizwa. Basi Isidore akachora. Mama aliyewapikia walinzi alileta karatasi jioni, ndani ya fungu la majani ya muhogo.

"Kesho," alisema yule mama, akaenda zake.

Kwenye karatasi palikuwa na mianzi chini ya ghala la mchele, mtumbwi, na saa. Mkono mfupi kwenye nane, mkono mrefu kwenye kumi na mbili.

Umeona sasa kwa nini nilikuambia usijibu haraka.

Françoise aliishika karatasi karibu na taa ya mafuta. Saa yake ilikuwa ukutani, hatua mbili kutoka pale. Hakuiangalia. Alijiambia: Isidore yuko kazini, saa za kazini ni za Kifaransa. Mkono kwenye nane ni saa mbili. Na moyo wake, katika mji ule wa njaa, ulifurahi, kwa sababu alikuwa ameisoma peke yake kama watu waliosoma.

Asubuhi mawingu yalikuwa chini, jua halikuonekana. Akamfungia mtoto mikate miwili ya muhogo na shati.

"Mama, una hakika ni saa mbili?" Exaucé alimuuliza. "Asubuhi hivi walinzi si wako wengi?"

"Unaniona mujinga?"

"Hapana, mama."

"Basi kwenda. Na umwambie shangazi yako mimi njo nilisoma."

Kijana akacheka, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alikaa kwenye mianzi ile akingoja. Ilipofika saa tano wanajeshi wakateremka kufua nguo, wakamkuta na kifurushi. Kifurushi kilitosha. Walisema ni mpelelezi wa watu wa porini. Milio miwili ya bunduki ilisikika mpaka sokoni, na wauzaji waliinama kidogo, kisha wakaendelea kupanga ndizi zao, kwa kuwa siku zile milio haikuhesabiwa wala kukumbukwa ni ya saa ngapi, na kila mtu alidhani ni mtoto wa mwingine.

Asumani alifika saa nane. Hakuwa na saa. Alipima kwa mwadhini: aliswali adhuhuri, akatandaza wavu, akapima tena kwa uchovu wa mikono, maana siku ile mbinguni hapakuwa na kitu cha kuangalia. Chini ya mianzi alikuta ndala moja.

Matanga yalifanywa bila maiti. Asumani alikuja na nguo zilizolowa, akapiga magoti mbele ya Françoise, watu wote wakiona.

"Mama Exaucé," alisema, "nilichelewa?"

Françoise aliangalia mkeka.

Mdomo ulikuwa wake, hakuna aliyemziba. Lakini hakusema. Na watu wa matanga wakakichukua kimya kile wakatoka nacho nje, na kabla ya jua kuzama kilikuwa kimeshakuwa jibu.

Isidore alipofunguliwa, mwezi uliofuata, yeye mwenyewe alilipigilia msumari. "Nilichora saa nane. Nilichora saa yake, ile anaisoma hata akifumba macho. Asumani njo alichelewa. Labda alilala, labda walimununua." Tangu hapo hakuna mama aliyenunua samaki wa Asumani. Hakuna aliyepanda mtumbwi wake kuvuka. Mtumbwi ulipinduliwa ukingoni, ukaota uyoga. Mkewe alirudi kwao Kibombo. Isidore aliishi miaka kumi na moja zaidi na hakumsalimia hata mara moja. Wakikutana njiani aliangalia upande wa mto.

Siku ya arobaini Françoise alikuwa amekunjua ile karatasi tena, mchana, penye mwanga. Ndipo alipoona. Kwenye mkia wa mkono mfupi Isidore alikuwa amechora kimwezi. Kidogo kama kucha ya mtoto, lakini kimechorwa vizuri, kimekolezwa kwa penseli mara mbili. Alikuwa amemwambia ni saa ipi, ile yake. Yeye hakuangalia.

Alifungua saa kwa nyuma, akaiweka karatasi ndani, akakaza skrubu. Angeweza kumwambia Isidore siku ile. Akasema kesho. Kesho ikawa Jumapili, Isidore akaishusha saa ile pekee iliyobaki, akaifuta huku analia, na ikawa haiwezekani tena.

Sasa tuko mwaka huu. Françoise ni bibi, macho yana ukungu, vidole havishiki kitu chembamba. Mwezi uliopita alifika mgeni kutoka Kisangani, jina lake Christelle, binti wa yule Kyakimwa wa duka. Kazi yake sijui. Mapenzi yake ni saa za zamani. Nyumbani anazo arobaini.

"Mama alinisimulia saa yenu iliyolewa," alisema akicheka, hajui anachokanyaga. Aliposimama mbele yake kicheko kilikwisha. Aligusa uso mweupe kwa ncha ya kidole. "Koko, bibi yangu, angalia hii buluu. Siku hizi wanapaka rangi tu. Hii waliichoma motoni, wakangoja, wakaitoa wakati wake. Ukikosea kidogo, inakuwa nyeusi." Akasogea. "Na huu mwezi?"

"Bwana alinitengenezea."

"Aliyetengeneza hivi alikuwa anakupenda sana."

 Ndani yake Françoise alikuwa ameshakata shauri: saa iende. Iende Kisangani na kilicho ndani yake, ikae katikati ya saa arobaini ambazo hazimjui mtu. Basi akasema, "Uichukue, mwanangu. Nakupa bure."

Habari za Kindu hazikai ndani. Siku ya kuifunga saa, asubuhi, mtu alibisha mlangoni kwa fimbo. Alikuwa Asumani. Tumbo lilikuwa limejaa maji, miguu imevimba, ametembea kutoka ng'ambo ya soko akipumzika kila nyumba. Toka matanga hakuwa amekanyaga uwanja ule.

"Mama Exaucé." Mji mzima ulikuwa umeacha kumwita hivyo. "Wanasema ile saa inaondoka."

"Inaondoka, Asumani. Kaa."

Alikaa taratibu, akiishika fimbo kwa mikono miwili. "Dokta alisema siku zangu hazitafika miezi. Kwa hiyo nilikuja mbele ile saa haijaenda. Bwana Isidore alisema kila mahali saa hii njo ilikuwa shahidi. Mimi sikuwa na saa. Siku ile iko mawingu tu. Nilifikiri niko sawa, lakini nilijuaje? Kila nikiswali naomba msamaha, na sijui kama naomba kwa kitu nilifanya." Akapumua. "Kama damu ya mutoto iko kwa shingo yangu, niende nayo. Lakini nijue."

Christelle, kwa heshima, alijifanya hasikii. Alikuwa ameilaza saa mezani juu ya pagne ya kitenge iliyokunjwa, akifungua skrubu za nyuma, aone mashine kabla ya safari. Skrubu ya mwisho ikatoka. Karatasi ikateleza ikaanguka miguuni pa Asumani, ya manjano, imekatika kwenye mikunjo.

Christelle aliiokota akaikunjua. "Ni mchoro. Mianzi, mtumbwi." Aliigeuza kwenye mwanga. "Na saa. Huit heures." Akamgeukia mzee, amtafsirie. "Saa mbili ya asubuhi, papa."

"Saa mbili," Asumani alisema polepole. Midomo yake ilitembea, anahesabu. "Hapana. Mimi na Bwana Isidore tulipatana saa nane. Saa mbili kulikuwa walinzi." Akaangalia karatasi asiyoweza kuisoma, kisha akainua macho. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Mama Exaucé," akasema, "nilichelewa?"

Mezani, imelala kifudifudi, saa bado ilikuwa inapiga. Françoise aliangalia mkeka. Ulikuwa mkeka mwingine, ule wa matanga ulishaoza zamani. Kisha akainua uso, akamwangalia mtu yule machoni.

"Hukuchelewa, Asumani. Isidore alichora saa nane, na wewe ulikuja saa nane. Mimi njo nilimutuma saa mbili."