Bitana ya Gauni la Guizhi

Siku ile nilikitazama kipimajoto cha dirishani mara tisa kabla ya kifungua kinywa. Kilisoma nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, na kila nilipokirudia kilikuwa palepale, kama mtu aliyekwisha kutoa uamuzi wake. Mke wangu, Guizhi, alikuwa mezani anakula uji wa mtama na yai la bata lililokolea chumvi.

"Baba Xiaohe, hebu kaa," akasema. "Unanitia kizunguzungu. Baridi haitapungua kwa kukodolewa macho."

Sikukaa. Nilikwenda chumbani nikalishika tena gauni, nikapapasa mishono yake, nikarudi dirishani.

Saa nne asubuhi wanawake kumi na watano wa mtaa wetu, wote wastaafu, wangetembea juu ya zulia jekundu lililotandikwa kwenye barafu ya mto Songhua, mbele ya watu wote wa Harbin watakaopenda kuja, wakiwa wamevaa qipao za hariri zenye kola ya kusimama na mpasuo kila upande. Guizhi angetangulia. Miaka mitatu alikuwa ametembea wa mwisho. Mwaka uliopita alivaa qipao nyembamba kama ganda la kitunguu, na wiki iliyofuata akalazwa hospitali kwa homa ya mapafu, siku kumi na tisa. Daktari alituambia wazi kwamba mapafu yake hayangestahimili mara ya pili.

Binti yetu Xiaohe alipiga simu kutoka Dalian. "Baba, mama akikohoa tena, nitakuuliza wewe," akasema. Guizhi naye akaniambia, "Nina miaka sitini na tisa. Mwalimu Mu wa kikundi chetu haweki mwenye sabini mbele. Nisipotembea mwaka huu, sitatembea mbele kamwe. Sasa chagua unataka nife kwa kikohozi au kwa hasira."

Mimi sikuchagua. Nilisema nitashona.

Nilifanya kazi miaka thelathini na minane kwenye kiwanda cha nguo. Nilianza kwa kufagia vipande vya vitambaa, nikamaliza nikiwa msimamizi wa chumba cha kukatia. Katikati ya mambo hayo mawili kuna miaka sita ya shule ya jioni, ambako nilijifunza kuchora vielelezo vya nguo, hesabu, fizikia na kemia, tumbo likiwa na mkate mmoja wa mvuke tangu mchana. Cheti changu kipo ukutani. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikulishona gauni lile kwa kubahatisha.

Mji wetu una tabia yake. Baridi hatuidharau, lakini hakuna anayependa kuonekana anaiogopa. Mwanamke aliyejaa nguo mpaka akafura kama mkate wa mvuke huchekwa na wenzake, na aliyevaa kitu chembamba akapendeza husifiwa, kisha husemwa kwamba ni mwehu. Ufundi ni kuwa na joto bila kuonekana umelitafuta. Kwa hiyo nilichagua hariri nzito ya rangi ya zambarau, nikaweka ndani yake pamba ya hariri, unene wa kidole cha mtoto, nimeitandaza kwa mkono ili isivimbe kiunoni. Bitana nikaikata kwenye kile kitambaa kilichosokotwa kwa kubana kinachotumika kufungia manyoya ya bata kwenye mafarishi ya kujifunikia. Hakipitishi unyoya, hakipitishi upepo. Ndani ya bitana nikatengeneza mifuko minane, minne kila ubavu, ya kutia viraka vya joto, vile vya kubandika ambavyo kila nyumba huku inavyo. Ukikitoa kimoja kwenye karatasi yake kinapata moto chenyewe na kukaa nusu siku.

Asubuhi ile nikavitia vyote vinane. Halafu, ili visiteremke na kufanya vinundu kwenye nyonga, nikaifunga midomo ya mifuko ndani ya mshono wa ubavuni, mshono wa mara mbili, uzi wa hariri. Guizhi akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo. Hakuonekana kunenepa hata kidogo.

"Nawaka," akasema. "Utafikiri nimemeza jiko."

"Tembea kidogo."

Akatembea kutoka mlangoni hadi jikoni, akageuka kwa ule mgeuko wao wa bega. Nilimtazama, nikasema moyoni kwamba hakuna mtu mwingine katika mtaa mzima ambaye angeweza kuishona nguo hiyo. Kwa bitana iliyobaki nilikuwa nimejishonea kizibao, nacho nikakitia viraka viwili, nikaviziba vilevile. Juu yake nikavaa koti langu jeusi la sufu, skafu ya kijivu nimeikunja kifuani, kofia ya manyoya, tukatoka.

Mtoni watu walikuwa wengi. Pumzi zilipanda juu yao kama mvuke wa vyungu. Kandokando ya zulia, nyuma ya kamba, tulisimama sisi waume, kila mmoja na koti la mkewe mkononi, kama vigingi. Jirani yangu Pang, aliyekuwa dereva wa lori, alikumbatia koti la manyoya la mkewe na chupa ya chai.

"Mzee Tong," akaniita, "mwaka huu tumepandishwa cheo. Mwaka jana nilikuwa kigingi cha mbao, sasa ni cha shaba."

"Wewe angalia koti lisiguse theluji."

"Koti hili lina thamani kuliko mimi. Nikianguka nitaanguka chali."

Mwalimu Mu, mkuu wa kikundi, alifundisha michezo shuleni maisha yake yote, na bado alitembea kama ana filimbi shingoni. Alikuwa anakagua miguu. Wanawake wote walikuwa na soksi ndefu za rangi ya ngozi zenye manyoya ndani, ambazo kwa mbali hudanganya kwamba miguu iko wazi. Mmoja alikuwa amenunua rangi isiyo yake.

"Wewe, miguu yako imetoka wapi? Uso wa Harbin, miguu ya Hainan kwenye jua kali," Mwalimu Mu akamwambia. "Simama katikati, jifiche." Alipofika kwa Guizhi alibinya kiuno cha gauni kwa vidole viwili. "Hili lina kitu ndani."

"Lina mume wangu ndani," Guizhi akajibu, wanawake wakacheka.

Mwalimu Mu akatikisa kichwa. "Halijafura. Sawa. Jipangeni, jamani, mpiga picha yuko tayari. Dakika mbili."

Makoti yakabaki mikononi mwetu. Wanawake wakajipanga, mabega nyuma, videvu juu. Mpiga picha akapiga. Muziki haukuja. Betri ya spika ilikuwa imekufa kwa baridi, na kijana wa umeme akakimbilia ufukweni kutafuta nyingine.

"Dakika mbili tu," akasema Mwalimu Mu.

Zikapita kumi. Upepo ulikuwa unateremka na mto. Hakuna mwanamke aliyeomba koti lake, kwa maana wa kwanza kuliomba angesimuliwa mpaka majira ya kuchipua. Nilisogea hatua nne kulia, nikarudi nne kushoto. Nilimhesabia Guizhi pumzi. Pang akaniambia, "Tulia, bwana, unaipasua barafu." Nikamwambia gauni lile lingeweza kukaa nje saa tatu.

"Mke wangu ana viraka kumi," Pang akasema. "Kavibandika hovyohovyo kwenye fulana, kama mabango ya dawa ukutani."

"Ndiyo tofauti ya kubandika na kushona," nikamjibu.

Dakika ya ishirini nilihisi baridi tumboni. Nikafikiri ni wasiwasi. Nikapitisha mkono chini ya koti nikabonyeza kizibao, mahali pa kiraka. Palikuwa pagumu na pa baridi kama kokoto. Nikabonyeza cha pili, nacho vilevile.

Nilivinunua juzi. Nilivifungua saa mbili asubuhi. Haviwezi kufa kwa saa mbili. Nikasimama pale na mkono tumboni, na kemia ya shule ya jioni ikanijia yote, pamoja na sauti ya mwalimu aliyekuwa akikohoa vumbi la chaki. Ndani ya kiraka kuna unga wa chuma. Chuma kinashika kutu, kutu inatoa joto, na kutu haiji bila hewa. Nami nimevifungia ndani ya kitambaa kisichopitisha hata upepo, nikaviziba kwa mshono wa mara mbili. Vilimaliza hewa iliyokuwa mifukoni, kisha vikazimika. Maksi tisini na nne nilipata katika kemia.

Nikamtazama Guizhi. Midomo yake ilikuwa imebanwa. Rangi ya mdomo ilikuwa nyekundu, lakini pembezoni mwake, pale rangi ilipoishia, palikuwa pa buluu. Kidevu kilikuwa juu bado. Bega la kulia lilikuwa linatetemeka, analituliza, linatetemeka tena.

Koti lake lilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kwenda kumvika, na hapo Mwalimu Mu angemweka mtu mwingine mbele, na yote yangekwisha. Nilikwenda. Nilivuka kamba nikasimama nyuma yake.

"Rudi," akasema bila kugeuza kichwa. "Watu wanatazama."

"Viraka vimezimika."

"Najua vimezimika. Ubavu wangu ndio ulio humu, si wako."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kwenye teksi."

"Na hukusema?"

"Ungenirudisha nyumbani."

Mwalimu Mu alikuwa anakuja, mkono juu. "Mzee Tong, waume nyuma ya kamba."

"Mama Xiaohe," nikasema, "nimekosea. Nimevinyima hewa. Inabidi nifungue mshono, au uvae koti."

Akageuka kunitazama. Katika miaka arobaini na minne ya ndoa alikuwa hajawahi kunisikia nikisema neno hilo, na nadhani lilimshtua kuliko baridi.

"Ufungue mpaka wapi?"

"Kutoka kwenye mpasuo mpaka kwapani."

"Upepo utaingia."

"Upepo ndio unaotakiwa."

Sikungoja jibu. Nilivua glavu kwa meno, nikatoa mfukoni mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, ambao sitoki bila kuubeba. Nikapiga goti kwenye theluji. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi na mshono ulikuwa mzuri, hilo niseme, mshono ulikuwa mzuri sana. Nilikata uzi mmojammoja, kwa mara ya kwanza maishani nikitamani ningekuwa fundi mbaya. Mfuko wa kwanza ukafunguka, wa pili, wa tatu. Pamba nyeupe ikaanza kutoka kwenye ile zambarau, ikapeperuka. Mtu mmoja kwenye kundi la watazamaji akasema, "Babu anamchuna mkewe." Pang akamwambia anyamaze.

Nilipofika kwapani, spika ikaguruma na muziki ukaja.

"Ondoka," Guizhi akaninong'oneza, na akaenda.

Sikuwa nimegusa upande wa kushoto. Nilibaki na goti chini na koti lake begani, Mwalimu Mu amesimama juu yangu. Guizhi alitembea mbele ya wenzake, mgongo umenyooka. Ubavu wa kulia ulifunguka kila hatua, na unyuzi wa pamba ulimfuata. Hakuuficha kwa mkono. Nilitafuta dalili ya kikohozi, nikaitafuta mpaka macho yakanitoka machozi, na machozi yakagandia kwenye kope. Alifika mwisho wa zulia. Akageuka kwa bega. Akasimama kwa ile pozi yao, akahesabu tatu, akaanza kurudi.

Zamu ya pili walitakiwa kutembea wote pamoja, baada ya kupumzika kwa muda wa wimbo mmoja. Wanawake walikimbilia makoti yao. Mke wa Pang aliingia ndani ya manyoya mpaka akabaki pua tu. Guizhi alikuja moja kwa moja kwangu. Nikalifungua koti, naye akalisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Je, kifua?" nikamuuliza. "Unasikia kubanwa?"

"Kulia kunawaka," akasema. "Kushoto bado barafu. Mwalimu, niazime dakika moja."

Akauinua mkono wa kushoto juu ya kichwa, mbele ya watu wote, akangoja nikate.