Yule Anayemkaba Koo

Mafundi wenzake wa friji walimwita Barafu, na jina likamkaa. Mteja amfokee, umeme umrushe, yeye uso ni ule ule. Mkewe tu ndiye ambaye hakulicheka jina hilo. "Mimi nimeolewa na ukuta," alimwambia wifi yake. "Tofauti ni kwamba ukuta hauli."

Siku binti yao alipoanguka kwenye ngazi za uani, Barafu alikuwa hapo hapo karibu, koleo mkononi. Mtoto aliita, "Baba! Baba!" mkono umepinda pasipopinda mkono. Barafu akasimama. Si kwamba hakusikia. Alisikia kila kitu, ila miguu ilikataa na pumzi ikamkwama kooni. Jirani ndiye aliyeruka ukuta akambeba mtoto.

Tangu hapo, Barafu akiketi mezani, binti anachukua sahani yake anahamia jikoni. Mkewe hakupiga kelele. Alisema tu, "Kamwone mtu akusaidie, la sivyo tukiondoka usituulize tunakwenda wapi."

Akaenda. Mshauri alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ofisi yake juu ya duka la vioo. Mwanzoni Barafu aliongelea friji tu. Kisha siku moja akaropoka, kwa hasira iliyomshangaza mwenyewe, "Ning'olee hiki kitu kinachonikaba!"

"Hatumng'oi mtu," mama akasema. "Ndani yako mmo wengi, baba. Anayekukaba ni mmoja wenu. Muulize anaogopa nini akikuachia."

Barafu aliona huo ni mchezo wa watoto. Hata hivyo akafumba macho, akashika koo lake, akauliza kimoyomoyo. Jibu likaja upesi mno: *Ukitoa sauti, atamwongeza.*

Alijiona mdogo, nyuma ya kabati, baba yake anampiga mama yake na kusema bila hata kugeuka, "Nikikusikia unalia huko, namwongeza huyu." Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Na kweli, mama hakuongezwa.

"Alikuwa anamwokoa mama," Barafu akanong'ona. "Miaka yote namwita mwoga."

"Anajua kwamba umeshakua?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Basi mwambie. Taratibu, usimfukuze."

Akamwambia. Koo likalegea kidogo, halafu likakaza tena.

"Hajaniamini," akasema.

"Utamrudia."

Jioni alimkuta binti sebuleni, mkono mmoja ndani ya plasta, anachora kwa mwingine.

"Siku ile nilikusikia, mwanangu," akamwambia. "Niliganda. Nilipokuwa mdogo nilitishwa nisitoe sauti. Wewe huna kosa lolote."

Mtoto hakuinua kichwa. "Nikianguka tena, utakuja?"

Alitaka kuapa. Koo likambana, akalingoja. "Sijui. Najifunza kuja."

Binti akakusanya karatasi zake, akaenda jikoni. Barafu akamsikia akiuliza, "Mama, nani alimtisha baba?"

Mkewe hakuwahi kuambiwa. Akatoka, mikono imejaa povu la sabuni, akasimama mbele ya mumewe.

"Nani?"

Barafu akafungua mdomo. Sauti ilitoka mbaya, ya kukwaruza, machozi juu yake. "Mzee wangu," akasema, na mkewe akavuta kiti.